Zamu ya Skotlandi

Barua ya Kaaha ilisomwa na watu wanne kabla ya Kaaha mwenyewe. Sikuhesabu mimi. Alihesabu Keinan, mwenye duka la saruji na mabati, na alihesabu kwa fahari kama mtu anayetaja wageni waliokula kwake. Sanduku la posta ni lake, bulla nzima, yaani mtaa wetu wote, tunapokelea barua humo, na Keinan anaamini kwamba akiiacha barua ipite mkononi mwake bila kuifungua atakuwa amemvunjia heshima aliyeiandika.

"Niliifungua isije ikawa ni habari ya msiba," aliniambia. "Ungeanguka njiani, Raho, halafu ungemlaumu nani?"

"Ilikuwa na msiba?"

"Hapana. Ilikuwa na Skotlandi."

Kaaha ni mjukuu wangu. Baba yake, mwanangu Billow, yuko na ngamia wake upande wa Diff, kwa hiyo msichana nimemlea mimi hapa Garissa. Alikwenda Nairobi akasoma digrii ya sheria, akaongeza mwaka wa uwakili, kisha mwaka ule wa 1996 akarudi nyumbani na mashine ya chapa ya kuazima. Miezi minne nililala na kuamka na tak-tak-tak. Alikuwa anaandikia vyuo vya ng'ambo kuomba nafasi ya shahada ya pili ya sheria, nafasi ile ambayo chuo kinakulipia karo, chakula, kitanda na ndege. Aliandikia vyuo sita. Vitano vilimjibu kwa heshima kubwa kwamba hapana. Cha sita kilikuwa hicho cha Skotlandi, na kilisema hivi: mmebaki watu watatu, nafasi ni moja, profesa atakupigia simu Jumanne saa tisa alasiri mzungumze, halafu ataamua.

Sasa simu yenyewe. Nambari aliyowapa Kaaha ilikuwa ya duka la Keinan, kwa sababu bulla yetu haikuwa na nyingine. Simu nyeusi, imekaa juu ya meza yake kama sultani, na kufuli dogo kwenye duara la nambari ili mtu asipige bila ruhusa.

Jumamosi nilipoletewa ile barua, wazee walikuwa wameshaitisha kikao cha Jumapili kuamua nani atakwenda Skotlandi.

Msiwacheke bado. Wazee wetu si wajinga, na kosa lao lilikuwa na akili ndani yake. Ukoo wetu una milango mitatu, na kila kinachokuja kwa ukoo huenda kwa zamu. Visima ni kwa zamu. Mahindi ya msaada wakati wa ukame yalikuwa kwa zamu. Serikali ikitaka kijana mmoja wa kuwa askari, mlango wenye zamu unamtoa kijana. Ndivyo tulivyoishi miaka yote bila kutoboana macho. Na nafasi ya ng'ambo iliwahi kuja mara moja, mwaka wa 1988, shemeji yangu akaenda Misri kusoma dini. Alirudi na kitambi na redio. Kwa hesabu ya wazee, mlango wetu ulikuwa umeshakunywa. Zamu hii ilikuwa ya mlango wa mzee Sugow.

Kikao kilikaa katika stoo ya Keinan, wanaume juu ya mifuko ya saruji, sisi wanawake mlangoni na birika la chai. Sugow alikuwa mwenyekiti, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona Sugow ameketi mahali asiwe mwenyekiti.

"Nafasi imekuja, alhamdulillahi," alianza. "Sote tunajua ya mwisho ilienda wapi. Sasa ni zamu yetu, na sisi tumemtoa Gelle."

Gelle ni mwanawe. Umri wake miaka thelathini na miwili, alifika kidato cha nne, ana cheti cha kukagua ngozi na anafanya kazi ofisi ya mifugo. Ni kijana mwema sana. Mpe ngozi ya mbuzi, afumbe macho, atakuambia mbuzi alichinjwa au alikufa mwenyewe. Sheria hajaisoma, ila aliwahi kushtakiwa.

Kaaha alisimama pale mlangoni, akamwita amu kwa heshima. "Adeer Sugow, barua ina jina langu."

"Kisima cha bondeni kina jina la babu yangu," akasema Sugow, "na wewe umekunywa humo tangu ukiwa tumboni kwa mama yako. Niliwahi kukuuliza jina?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, Mungu anisamehe, maana jibu lilikuwa zuri.

"Wanataka mtu mwenye digrii ya sheria!"

"Wanataka mtu wa Garissa. Anwani waliyoandika ni ya Garissa. Kwani Gelle ni wa wapi, Norwei?"

Mzee Nunow, wa mlango wa tatu, ambaye husikia neno moja katika manne, aliuliza kama huko Skotlandi kuna malisho. Akaambiwa yapo mengi, mvua ya huko haipiti, inakaa. "Basi pelekeni watu wawili," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Gelle naye aliinua mkono. "Aabo, mimi mke wangu ana mimba ya miezi saba, na baridi inaniumiza masikio..."

"Nyamaza. Ni zamu yako."

Nilimwona Kaaha anavuta pumzi. Nawajua wanasheria, wakivuta pumzi vile wataanza na kifungu cha kwanza. Nikamkanyaga mguu.

"Mzee Sugow," nikasema, "mimi ni mama wa chai tu, lakini nisaidie jambo moja. Kisimani, zamu ikimfikia mtu naye hana kamba wala mtu wa kushuka chini kuteka, inakuwaje?"

"Inapita. Inaenda kwa aliye tayari ukingoni. Raho, hilo hata mbuzi wanalijua."

"Na huyo aliye tayari, anafukuzwa asubiri nyumbani?"

"Anakaa pale pale ukingoni na ndoo yake. Ndiyo haki."

"Basi sina neno. Jumanne Gelle ateke. Kaaha akae ukingoni."

Sugow aliniangalia kwa muda, akitafuta nimeficha wapi kisu. Hakukiona. Akasema imepita, na wazee wakaitikia imepita, na Keinan akaandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji.

Kufika nyumbani Kaaha alinigeukia kama ngamia jike aliyeguswa ndama.

"Ayeeyo, umeniuza! Umeniuza kwa mtu wa ngozi!"

"Kaa chini."

"Sikai! Profesa akisikia sauti ya mwanamume atafikiri ni matapeli. Ataweka simu chini. Nafasi itaenda kwa mtu wa Brazili!"

"Simu iko kwenye meza ya nani?"

Akaketi.

"Ungewashinda kwa maneno Jumapili," nikamwambia, "halafu Jumanne Keinan angesema simu haikulia. Au ililia akiwa anaswali. Wewe ungemshtaki kwa kifungu gani? Sasa utakuwa umeketi hatua moja kutoka kwenye ile simu, na wazee wote wameapa ni haki yako. Gelle atateka nini? Ataulizwa neno moja la sheria, ndoo itarudi tupu."

"Na isiporudi tupu?"

"Gelle?" nikasema, na nikacheka sana. Nilijua kila kitu mimi, siku ile.

Jumanne saa nane duka lilikuwa limejaa. Keinan alikuwa amefuta simu vumbi. Gelle alikuwa amevaa koti la harusi yake, jasho linamtiririka. Kaaha aliketi kwenye mfuko wa saruji karibu na meza, mafaili yake mapajani, hasemi na mtu, na hasa hasemi na mimi. Saa tisa na dakika nne simu ikalia. Keinan akaiinua, akasikiliza, akatangaza kwa sauti ya muadhini: "Ni yeye! Ni mwanamke!"

"Mwanamke?" akasema Sugow. "Hawana wanaume huko?"

Gelle akapewa mkono wa simu. Keinan akabandika sikio lake ubavuni ili awatafsirie wazee, kwa sababu Kiingereza cha dukani ni chake yeye.

"Halo," akasema Gelle. "Mimi ni Gelle. Kaaha ni binti wa ukoo wetu. Yupo hapa, amekaa. Lakini zamu ni yangu."

Kaaha alifunika uso kwa mafaili.

"Ameweka chini?" akauliza Sugow.

"Hapana," akasema Keinan, "anacheka. Au anakohoa. Anauliza zamu ni nini." Akasikiliza tena. "Gelle anamweleza. Sasa anasema: wewe kijana, wewe ni mfugaji? Haya, kabla sijazungumza na Kaaha, nieleze hapo hapo. Wenye visima huamuaje nani anywe kwanza?"

Nikamgeukia Kaaha. "Mbona anauliza visima?"

"Kwa sababu utafiti wangu ni wa visima!" akaninong'oneza, na macho yamejaa maji. "Sheria za visima vya wafugaji. Nilikuambia mara tatu, Ayeeyo. Ulikuwa unasema mm, mm."

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Kumuuliza Gelle habari za visima ni kumuuliza samaki habari za maji. Yule kijana alichunga mpaka ana miaka kumi na sita.

Na akajibu. Wallahi alijibu! Koti likamkaa vizuri ghafla. Akaeleza aliyechimba na aliyefukua baada ya kujaa mchanga, akaeleza mgeni mwenye kiu na mgeni mwenye mifugo, akaeleza kwa nini punda hangoji na ngamia anangoja. Wazee nao hawakuweza kujizuia. Mwingine anapaza sauti kutoka nyuma, "Mwambie habari ya birika la matope la kunyweshea mifugo!" Mwingine, "Mwambie faini ya kukata kamba!" Hata Nunow alisikia kila neno siku hiyo. Gelle anatafsiri, Keinan anatafsiri, profesa anasema ndiyo, ndiyo, na baada ya hapo?

"Anaandika!" Keinan akatangaza. "Anasema subirini kidogo, anaandika!"

Sugow alinitazama, akachezesha ndevu. "Raho, vipi? Naona ndoo inakuja imejaa."

Mimi nilikuwa nimeshika birika na sijui nalishikia nini. Miezi yote ile ya tak-tak-tak, na mimi kwa ujanja wangu nimemfungulia mtu wa ngozi mlango akaingia na viatu. Kaaha hakulia. Alikuwa anayafunga mafaili na kuyafungua, anayafunga na kuyafungua.

Kisha Keinan akakunja uso. "Hebu... anasema nini huyu? Anasema, vizuri sana. Lakini sheria ya nchi ya Kenya inasema maji yote ni ya serikali. Yaliyo juu ya ardhi na yaliyo chini."

"Anasema nini?" akauliza Sugow.

"Ni ya serikali. Anauliza, mkipelekwa mahakamani leo, mtamwonyesha jaji haki gani?"

Gelle alimgeukia baba yake, mkono wa simu ungali sikioni.

"Ya serikali?" Sugow alisimama. "Visima vya baba zangu? Serikali ilichimba lini? Nani alimwona serikali ameshuka chini na jembe?" Akamnyang'anya mwanawe mkono wa simu, akaushika juu chini, akaanza kumpigia kelele profesa kwa Kisomali kupitia upande wa kusikilizia. "Sikiliza, mama! Babu yangu alizikwa na mchanga ndani ya kile kisima, wakamtoa akiwa hai, akarudi kuchimba! Njoo hapa nikuonyeshe!"

"Mzee, umeushika kinyume," akasema Keinan.

"Wewe nyamaza, umeuza saruji maisha yako yote! Gelle! Mjibu!"

"Aabo, mimi sijui sheria hiyo. Mimi ni ngozi."

Sugow alizunguka na ule mkono wa simu, waya umemviringa shingoni, akitafuta mtu. Macho yake yakamwangukia Kaaha.

"Wewe! Si umesoma haya mambo miaka mitano? Inuka umjibu huyu mwanamke! Anataka kutunyang'anya maji!"

Kaaha hakuinuka. Ah, niliona raha. "Ni zamu ya nani, adeer?"

"Achana na zamu!"

"Sitaki kukata foleni."

"Zamu imepita! Imepita, Raho ni shahidi, wote ni mashahidi! Chukua kabla hajaondoka!"

Mjukuu wangu akachukua simu. Alimtoa mzee wa watu waya shingoni taratibu, akaketi juu ya meza ya Keinan bila kuomba, akaanza. Sikuelewa maneno, Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu. Lakini mimi nimesikiliza wazee wakisema mashauri tangu nikiwa msichana, na najua sauti ya mtu aliyeikamata kesi shingoni. Hakuharakisha. Alikuwa anasimama pale wazee husimama, anarudi nyuma kidogo, halafu anapiga.

Keinan aliwatafsiria, akiongeza chumvi yake. "Anasema sheria hiyo ililetwa na Mwingereza, ambaye kwao hakuna kiu. Anasema sheria ina mlango wa nyuma, unaitwa mila, na mahakama ziliwahi kupita humo. Anataja kesi. Anataja kesi nyingine. Sasa anasema hata mila nayo ina makosa yake."

"Makosa gani?" akasema Sugow.

"Anasema mwanamke mwenye mbuzi zake hana zamu yake mwenyewe mpaka asimamiwe na mwanamume."

"Hilo limeingiaje?"

"Sijui. Profesa amefurahi sana hapo."

Sugow alitaka kuuchukua tena mkono wa simu, lakini Kaaha alimwinulia kiganja kama askari wa barabarani, akaendelea. Dakika ishirini na tano. Mwishoni profesa akauliza swali jepesi, maana Kaaha alitabasamu.

"Ameuliza zile kelele za mwanzo zilikuwa za nani," Keinan akatuambia.

"Na amemjibu nini?"

"Amesema, hao ni wateja wangu."

Kaaha aliweka simu chini.

"Wale wenzangu wawili alishaongea nao asubuhi," akasema. "Barua rasmi itafuata. Nafasi ni yangu."

Mimi nilipiga kigelegele mpaka birika likanitoka mkononi. Gelle alinisogelea, uso umemtulia kama mtu aliyeng'olewa jino. "Eddo Raho, kwa hiyo yangu imepita kabisa? Hairudi?"

"Hairudi."

"Wallahi?"

"Wallahi. Nenda kwa mkeo."

Alikwenda, karibu anakimbia, koti mkononi.

Kaaha alikuja akasimama karibu nami, akijifanya ananisaidia kuokota vikombe. "Ulijua atauliza sheria ya serikali?" akaninong'oneza.

"Sikujua. Baada ya visima nilidhani atamuuliza kama anaweza baridi."

"Na kama Gelle angejibu?"

"Ningemfumia kofia ya masikio."

Alinifinya mkono, akafinya kweli, alama ilikaa mpaka Ijumaa. Halafu akaangua kicheko, na mimi pia, tukawa tumeinama pale chini na vikombe kama wezi.

"Na visima?" Sugow alikuwa bado amesimama katikati ya duka. Hakuna aliyemwambia kama ameshinda au ameshindwa. "Yule mama amekubali ni vyetu?"

"Hiyo ni kesi, adeer. Inataka mwaka mzima wa kusoma."

"Basi soma. Lakini soma hiyo tu. Usije ukatusomea huko mambo ya talaka." Akafikiri. "Na kwenye hicho kitabu utakachoandika, utaandika kwamba kisima cha bondeni kilichimbwa na babu yangu."

"Kilifukuliwa na babu yako," akasema Nunow kutoka kwenye saruji yake. "Aliyechimba ni wangu."

"Nani amekuuliza, kiziwi wewe?"

"Nitaandika kila mmoja alichosema," Kaaha akasema.

"Hata Nunow?"

"Hata Nunow. Na Ayeeyo, ana yake ya kusema. Na Gelle."

"Basi huendi!" Sugow alipiga meza, kufuli la simu likaruka. "Kikao kirudi! Nafasi irudi kwa ukoo!"

Akawatazama wazee mmoja mmoja. Keinan alikuwa anatafuta kitu muhimu sana chini ya meza. Nunow alisema kwa sauti kubwa, "Aende. Mimi nina mengi ya kuandikwa." Na wale wengine wa nyuma, ambao kila mmoja alikuwa na babu yake na shimo lake, wakaanza kusogea mbele, wanasafisha koo, wanakaa sawa kwenye mifuko. Kaaha alikuwa ameshageuza ile bahasha ya Skotlandi upande usioandikwa na kuazima kalamu ya Keinan.

Sugow alibaki amesimama. Nilimwona anapima, hasara upande huu, aibu upande ule. Kisha akavuta mfuko wa saruji kwa mguu mpaka mbele ya wote, akaketi juu yake, akamwelekezea Kaaha kidole.

"Haya. Lakini yangu iwe ya kwanza."